Simba Walipata Sinema, Sisi Tukapata Lafudhi

Mwaka 1898, kwenye nchi kavu kati ya Mombasa na mahali ambapo Nairobi ingekuja kujengwa, kulitokea mambo mawili makubwa. La kwanza unalijua hata kama hukuwahi kulisoma popote. Simba wawili wa kiume walivamia kambi za wajenzi wa reli kando ya mto Tsavo, wakala vibarua kwa miezi, mpaka Mwingereza J. H. Patterson alipowapiga risasi mwezi Desemba. Hollywood imelisimulia jambo hili zaidi ya mara moja. Mwaka 1952 ilitoka Bwana Devil, ile ya kutazamwa kwa miwani ya 3D. Mwaka 1996 ikaja The Ghost and the Darkness, na ndani yake Michael Douglas na Val Kilmer, ikapigwa picha Afrika Kusini, maili nyingi kutoka Tsavo yenyewe.

La pili ni Ngomanisye. Wakamba huzipa njaa zao majina, na hiyo iliitwa hivyo kwa sababu ilienea kila mahali, haikubagua mtu wala kijiji. Sotoka ilikuwa imeshamaliza ng'ombe miaka michache iliyotangulia. Mvua zikakosa, ndui ikaingia, watu wakahama na wengine wakafia njiani. Ukiongea na wazee wa Kitui na Makueni kuhusu kale, njaa ndizo kalenda yao. Mtu alizaliwa kabla ya njaa fulani au baada ya nyingine. Lakini Ngomanisye haina stelingi, haina trela, haina hata bango moja ukutani.

Simba wawili wana sinema. Njaa iliyomaliza watu kuliko simba wote wa Tsavo haina. Mimi naandika kama shabiki wa sinema na vipindi vya runinga, mtu ambaye amekaa mbele ya skrini masaa mengi kuliko anayotaka mama yake ajue, na maoni yangu yote kuhusu vipindi vya nyumbani yanaanzia kwenye pengo hilo. Swali ninalouliza kila nikitazama kitu ni moja: huyu mtu wetu kwenye picha yuko mbele ama yuko nyuma akibeba mizigo?

Hebu tufuate hiyo reli kidogo. Ilipotoka Tsavo ilipanda Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, yaani karibu mgongo mzima wa Kaunti ya Makueni ya leo. Mbele kidogo ya Sultan Hamud kuna stesheni ya Kima. Hapo, Juni 1900, afisa wa polisi wa reli Charles Ryall alikaa usiku ndani ya behewa akingoja kumpiga risasi simba aliyekuwa akisumbua stesheni. Walikuwa Wazungu watatu ndani ya behewa. Ryall alishikwa na usingizi, simba akaingia, akamtoa kupitia dirishani. Behewa lenyewe bado lipo, kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Utani kuhusu jina la stesheni nakuachia wewe.

Ukisoma masimulizi ya kisa hicho, utawajua wale Wazungu watatu kwa majina. Utamjua hata simba. Wafanyakazi wa stesheni, walioishi na huyo mnyama kila siku kabla Ryall hajafika na bunduki yake, ni "wenyeji" tu. Huo ndio mtindo tulioukuta ukitungoja wakati picha zilipoanza kuingia nyumbani kwetu.

Na zilichelewa kuingia. Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, karibu na uhuru, na kituo kilichokuja kuitwa Sauti ya Kenya kilikaa miaka mingi kikiwa peke yake hewani. Mwaka 1989 kikarudia jina la KBC. Lakini stima ya vijijini Ukambani ilikuwa hadithi ya kesho, kwa hivyo runinga ya kwanza kwenye kijiji kingi ilikuwa Great Wall ndogo, nyeusi na nyeupe, iliyounganishwa na betri ya gari. Betri ilipelekwa sokoni kuchajiwa kwa baiskeli au kwa mgongo wa punda. Ikianza kuisha nguvu, picha ilijikunja kutoka pembeni, watangazaji wakawa wembamba, halafu giza. Ndio maana watu walichagua. Hukuwasha runinga ukaiacha ikiongea peke yake kama siku hizi. Ulihesabu: taarifa ya habari, kipindi kimoja, zima.

Mtu mmoja alikuwa nje akizungusha mlingoti wa eriali, mwingine mlangoni akipitisha ujumbe: "Hapo hapo! Ah, umepitisha!" Na ndani, jambo ambalo naliona kubwa zaidi ya yote: mtoto aliyesoma alikuwa akitafsiri. Kipindi kilikuwa cha Kiswahili au Kiingereza, na susu, bibi yetu, alikuwa mtu wa Kikamba. Kwa hivyo Derrick, yule mpelelezi wa Kijerumani, alifika kwa susu akiwa ametoka Kijerumani akaingia Kiingereza, akatoka Kiingereza akaingia Kikamba cha mtoto wa darasa la sita. Sijui ni nini kilibaki cha mwandishi wa kwanza. Nadhani watoto wengi walikuwa wakitunga tu. Lakini hapo sebuleni hadithi ilikuwa ya Kikamba, na susu aliuliza maswali ambayo Derrick hakuyajibu: huyu aliyekufa ana watoto? Nani atawalea?

Sasa tuongee kuhusu vipindi vya nyumbani, kwa sababu hapa ndipo mashabiki hugombana.

Vitimbi na Vioja Mahakamani vilitulea. Sitaki kusikia mtu akisema vilikuwa vya kishamba. Mzee Ojwang' na Mama Kayai wangeweza kusimama kwenye jukwaa lolote. Lakini chombo chao kikuu cha kuchekesha kilikuwa lafudhi: Mjaluo anaongea hivi, Mluhya vile, Mkalenjin hivi. Ukiwa mtoto unacheka zote mpaka siku lafudhi iliyoko kwenye skrini inafanana na ya baba yako.

Ya kwetu inajulikana. Kikamba hakina B inayosimama peke yake bila M mbele yake, wala D bila N. Ni mpangilio wa lugha, kama vile Waingereza wengi wanavyopata shida kuanza neno na "ng'". Lakini ukiupeleka kwenye komedi, unakuwa kichekesho kamili bila mwandishi kutoa jasho. Mweke mtu mlangoni, mwambie aseme "mbasi" badala ya basi, watu wacheke, kipindi kiishe. Na mara nyingi mno mtu huyo amekuwa yaya, mlinzi, au mganga mwenye kamuti ndani ya chupa. Ukambani ukaingia sebuleni mwetu wenyewe kwa milango mitatu: kazi ya nyumbani, uchawi, na taarifa ya habari kuhusu ukame.

Kuna kitu kinachonizuia nisilaumu sana, na kitu hicho ni Mzee Ojwang' mwenyewe. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, hakuwa Mjaluo. Alikuwa Mkikuyu aliyevaa lafudhi ya Kijaluo kwa miaka mingi, na alimvika Ojwang' utu wa kutosha hata Wajaluo wakamchukua kama wao. Alikuwa mjanja, mwoga, mwenye mapenzi na mwenye njaa, yote kwa wakati mmoja. Lafudhi ilikuwa shati lake, na ndani ya shati mlikuwa na mtu. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta. Kwa Mkamba wa kwenye komedi, mara nyingi tulipewa shati peke yake.

Mwaka 1987 kulikuwa na Tushauriane, tamthilia ya kuhimiza uzazi wa mpango, iliyotengenezwa kwa njia iliyobuniwa Meksiko na Miguel Sabido: chukua mhusika mwema, mhusika mbaya na mmoja wa katikati anayeyumba, halafu mfanye mtazamaji amfuate huyo anayeyumba. Ilikuwa serikali ikitufundisha, lakini ilijua kuwa watu hawafundishiki kama hawalii kwanza. Baadaye Wameksiko walikuja wenyewe, na tamthilia zao zikateka jioni za Kenya. Susu yule yule aliyechoshwa na Derrick alikaa wima. Mkwe mbaya, shamba la urithi, mtoto aliyefichwa, mama anayesali: mambo haya hayahitaji mtoto wa darasa la sita. Maoni yangu ni kuwa tamthilia za Meksiko zilikuwa karibu na maisha ya Makueni kuliko drama nyingi za Nairobi, kwa sababu ziliamini kuwa shamba ni jambo la kufa na kupona.

KTN ilianza mwaka 1990, NTV ikaja mwishoni mwa muongo huo, na Citizen nayo ikawa na vipindi vyake. Hapa naweka kura yangu: komedi bora zaidi iliyowahi kutengenezwa Kenya ni Papa Shirandula. Sio kwa vichekesho. Ni kwa wazo lake la msingi. Mwanamume ni mlinzi mjini, lakini nyumbani mke wake anaamini ana kazi kubwa ofisini. Basi. Kila kipindi kinajengwa juu ya uongo huo mmoja.

Papa ni Mluhya, na Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, alimcheza kwa lafudhi ya kwao bila kuomba radhi. Lakini mtu wa Kibwezi au Mwingi anamjua Papa kuliko anavyotaka kukubali. Ukambani umepeleka wanaume Nairobi na Mombasa kulinda mageti ya watu kwa vizazi. Wanarudi Desemba na mkate, sukari na shati jipya, na nyumbani hakuna anayeuliza sana. Papa Shirandula ilicheka kuhusu hilo, lakini ilimcheka mtu huku ikimshika mkono. Ukiangalia vizuri, yaliyomfanya adanganye ni aibu na upendo. Hapo mlinzi alitolewa getini akawekwa katikati ya picha. Inspekta Mwala nayo naipenda, na jina lake limetoka kwetu kabisa, maana Mwala ni mji wa Machakos, lakini haikuwahi kunikaba koo namna hiyo.

Nje ya nyumba kulikuwa na chuo kingine: kibanda cha video. Mabati, mabenchi, spika mbili, na DJ Afro. Kama hujawahi kutazama sinema ya Kichina ikisimuliwa na DJ Afro, umetazama sinema nusu. Anaongea juu ya sauti ya sinema, anawapa wahusika majina ya mtaani, anakuonya kuwa adui yuko nyuma ya mlango, anakuhakikishia kuwa stelingi hafi. Uganda wana wasimulizi wao wanaoitwa vijee, Tanzania walikuwa na Lufufu. Watu wa sanaa kubwa huiita kazi hiyo uharibifu. Mimi naiona ni kazi ile ile ya mtoto anayemtafsiria susu, ila sasa ina kipaza sauti. Kote Afrika Mashariki, watu waliopewa picha zisizowahusu walikataa kukaa kimya. Waliongea juu yake mpaka zikawahusu.

Kisha ikaja Februari 2015. Serikali ilitaka nchi ihame kutoka analogi kwenda dijitali, wenye vituo wakakataa masharti, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na tarehe 14 Februari NTV, KTN na Citizen zikawa giza karibu wiki tatu. Mjini hiyo ilikuwa vita ya Twitter. Kijijini ilimaanisha kuwa Great Wall iliyonunuliwa kwa mbuzi wawili sasa inahitaji king'amuzi, na king'amuzi ni mbuzi mwingine. Nyumba nyingi zilirudi kwa redio, na kwa nyumba nyingi za Ukambani redio maana yake ni Musyi FM, ambako Kikamba si kichekesho, ni lugha ya kutangazia mpira, matanga na bei ya ndengu. Tangu hapo sola ya mkopo imerudisha picha, unalipa kidogo kidogo kwa simu. Lakini nadhani wiki zile zilitukumbusha jambo: tulikuwa na chombo kimoja kinachoongea kama sisi, na hakikuwa runinga.

Ndiyo maana Julai 2022, Netflix ilipotoa Country Queen, vipindi sita, tuliikimbilia. Akisa Musyoka, anayechezwa na Melissa Kiplagat, anafanya kazi ya kupanga sherehe Nairobi, anarudi kijijini baada ya miaka kumi, na anakuta kampuni ya madini, Eco Rock, ikitaka ardhi ya watu wake. Kikamba kinasikika, na kinasemwa na watu wenye hasira, mapenzi na siri, sio na mtu wa mlangoni. Nilifurahi mno.

Halafu shabiki ndani yangu akaanza kunung'unika. Kijiji kinaitwa Tsilanga. Mimi nimetafuta kwa ulimi wangu wote na hiyo "ts" haikai kwenye Kikamba. Ni kijiji cha kubuni, sawa. Lakini hatuhitaji kubuni hadithi hii. Kitui ina bonde la Mui, lenye makaa ya mawe chini ya mashamba. Serikali iliipa kampuni ya Kichina, Fenxi, haki ya kuchimba vitalu viwili, na wakazi wamekaa miaka wakijiuliza kama wachimbe kisima, wajenge nyumba ya mawe, wapande miembe, au wangoje kuhamishwa. Mwembe huchukua miaka kuzaa. Mtu anayepanda mwembe Mui anatoa maoni ya kisiasa. Country Queen ina mapenzi ya mjini, mke wa tajiri, na njama za ofisini, na Nini Wacera anauwasha moto kila akitokea. Ila huo mwembe sikuuona.

Niliuona kwenye filamu nyingine, na hii ndiyo namba moja yangu, sijali utaniambia nini. Inaitwa Thank You for the Rain, ya mwaka 2017. Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui, alikutana na Mnorwei Julia Dahr, akapewa kamera, na kwa miaka kadhaa akajipiga picha mwenyewe, familia yake na shamba lake. Anahamasisha majirani wapande miti. Anangoja mvua. Mvua inapokuja, inakuja kama dhoruba na kung'oa paa la nyumba yake, na yeye anashika kamera. Mwishowe anafika Paris mwaka 2015, kwenye mkutano mkubwa wa tabianchi, na anaona jinsi mambo yake yanavyozungumzwa na watu waliovaa tai.

Lakini kilicho bora ndani ya filamu hiyo hakiko Paris. Kiko nyumbani. Kisilu anaposafiri kuokoa dunia, kazi ya shamba inabaki kwa mke wake, Christina, na Christina hafichi kuwa mzigo umemzidi. Mwandishi wa mjini angetengeneza shujaa na mke wa kumpungia mkono. Kamera ya nyumbani ilirekodi deni.

Linganisha na Shamba Shape Up, ambayo tumeitazama tangu 2012 na nimejifunza mengi kwayo. Pale gari linafika, wataalamu wanashuka, mkulima anaonyeshwa makosa yake, banda jipya la kuku linajengwa, asante, kwaheri. Mkulima yuko ndani ya picha, lakini swali linatoka kwa mgeni. Kwa Kisilu, swali ni lake, na hakuna gari la kurudi Nairobi.

Najua utakachosema. Hiyo si sinema ya kutazama Ijumaa usiku na chipsi. Mwelekezi mkuu ni Dahr, na Kisilu ni mwelekezi mwenza, kwa hivyo bado kuna mkono wa Ulaya kwenye meza ya kuhariri. Na filamu za hali halisi huzunguka kwenye matamasha ya ng'ambo kabla hazijafika Mutomo, kama zitafika. Nakubaliana nawe kwa hayo yote. Hata kichwa chake ni cha Kiingereza. Lakini nimeweka kwenye mizani sinema zote zilizopita kwenye reli hiyo na pembeni yake, kuanzia miwani ya 3D ya mwaka 1952, na hii ndiyo ninayoijua ambapo mtu wa Ukambani ndiye anayeamua kamera ielekee wapi asubuhi hiyo.

Na leo kamera haiji tena kwenye sanduku la mgeni. Iko mfukoni mwako. Vijana wa Wote na Kitui mjini wanapiga video za kuchekesha kila siku, na nyingi, nisikufiche, zinarudia kichekesho cha kale: "mbasi", mganga, yaya. Zinapata watazamaji, na anayezitengeneza ana kodi ya nyumba ya kulipa, kwa hivyo sitamhubiria. Nitamwomba tu kitu kimoja kama mtazamaji wake. Lafudhi ibaki, maana ni yetu na ni tamu. Lakini ivikwe mtu mwenye deni, mwenye shamba, mwenye mtu anayemdanganya kwa sababu anampenda, kama Papa.

Halafu, siku moja, mtu apige picha ya Ngomanisye. Wazee wameibeba kwa mdomo tangu kwa mababu zao, kama walivyobeba ile ya 1984 iitwayo Nikw'a Ngwete, nakufa nikiwa nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na pesa mkononi na hakukuwa na chakula cha kununua. Hilo jina peke yake ni trela. Ningeanza sinema hiyo mwaka 1898, na mama anayetembea na watoto wawili kutoka bonde la Mui akitafuta nafaka kwa watu wa udugu. Sauti ya treni ingesikika mbali. Kwenye treni hiyo wangekuwemo Patterson, bunduki yake na simba wake wawili waliokufa. Ingepita nyuma yake kwa sekunde tano hivi, na mama asingegeuka kuitazama.